Bakteria Walioshika Likizo Yangu

Jumatatu, 9 Machi

...na ndiyo maana nasema hakuna mwanamke aliyeolewa kama nilivyoolewa mimi! Wiki tatu za ndoa. Mume wangu yuko mji mwingine, anafundisha hesabu. Mimi niko hapa kiwandani, nachunga bakteria. Kazi yao: kula fenoli, sumu inayotoka kwenye mitambo ya gundi, kabla maji hayajaachiliwa mtoni. Kazi yangu: kuwapa hewa na kuandika vipimo. Leo Meneja kasema sumu ya tangi la pili ikishuka hadi kiwango kinachoruhusiwa ifikapo Ijumaa, Jumamosi naanza likizo. Isiposhuka, nisahau. Nimempigia mume wangu. Kaniita ua lake. Nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu.

Jumanne, 10 Machi

Bakteria wanakula kama vizee wasio na meno. Kwa mwendo huu Ijumaa itatupita. Wazo! Mfanya kazi nzito hulishwa. Kidevu, mwenzangu wa zamu, alipokwenda chooni, nilimimina tangini ndoo mbili za molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Mapovu hayo! Walifurahi, jamani. Nikawaimbia.

Jumatano, 11 Machi

Fenoli haijashuka. Imepanda! Bi Maabara, anayepima maji na hakosei, aliuliza nani kawapa sukari. Nikasema labda mvua. Akaniambia, mwanangu, mvua haina utamu. Akaeleza kwamba hawa hula sumu kwa kukosa kingine. Ukiwapa kitamu, watakula kitamu na sumu wataiacha pale pale. Niwaache na njaa yao. Kidevu alicheka mpaka akashika ukuta. Eti bibi harusi kawafanyia wadudu karamu. Simsemeshi tena.

Alhamisi, 12 Machi

Sikati tamaa. Ikiwa kuna sukari, basi waimalize upesi. Hewa! Nikafungua pampu mpaka mwisho. Povu likapanda, likavuka ukingo, likateremka ngazi, likamkuta Meneja na viatu vipya. Hakufoka. Aliuliza tu, kwa upole wa kutisha, wewe dada una nini? Nikamjibu nina mume.

Ijumaa, 13 Machi

Kipimo: mara tatu ya kiwango. Likizo imefutwa mpaka tangi litengemae. Bi Maabara anasema siku kumi, likiachwa litulie. Siku kumi! Nimelia nyuma ya stoo, nikajifuta kwa glavu ya kazini. Mume wangu hakunilaumu. Alikuwa ameshafua mapazia kwa ajili yangu. Kasema atayafua tena. Ee Mungu, nimeolewa na malaika! Aliomba jambo moja tu: nisiwaguse tena bakteria. Nikaapa.

Jumamosi, 14 Machi

Tangu asubuhi sijawagusa. Kiapo ni kiapo. Nimewatazama tu kwa darubini ya Bi Maabara. Wamenyong'onyea, masikini. Na sasa nimeelewa kosa langu: molasi! Ni nzito mno, imewavimbisha matumbo. Asali ni kitu kingine kabisa. Chupa moja tu, kwa kijiko kirefu, na kijiko si mkono. Kidevu hutoka kula saa saba. Wewe fundisha hesabu zako kwa amani, kipenzi changu. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa nabisha mlangoni kwako.