Fagia kwa Amani

Jumapili, 2 Machi

Leo nimekuwa mtu mkubwa kanisani. Kwa dakika mbili hivi, lakini mkubwa.

Mchungaji Joram alitangaza kwamba askofu anakuja Jumapili ijayo, na zulia jekundu la madhabahuni limejaa vumbi. Akasema tumwite Wanjohi tena. Wanjohi! Jirani yangu wa mlango wa tatu, muosha mazulia, mtu ambaye dawa yake ya kila kitu ni ndoo ya maji na sabuni ya unga. Mara ya mwisho zulia lilikaa siku tano bila kukauka, tukaimba pambio tumesimama kwenye kinamasi. Sikuvumilia. Nikasimama. Nikasema siku hizi zulia halioshwi, linafyonzwa. Nikasema mashine ninayo.

Sikuwa na mashine.

Makofi! Mchungaji akaahidi kwamba nikifaulu, waumini wote wataniita majumbani kwao. Tangu Januari sina kazi. Mke wangu Lornah ndiye anayetulisha, kwa mandazi anayokaanga kila asubuhi. Mlango umefunguka, nami si mtu wa kusimama nje.

Baada ya ibada Lornah akanipa meko yake, ule mtungi mdogo wenye jiko juu, niende kuijaza gesi. Nikapitia soko la Kibuye. Kupitia tu! Kwa Calvince, muuza vitu kuukuu, nikaiona: pipa la bati lenye magurudumu matatu, mpira mrefu shingoni, sura ya huzuni. Mashine ya kufyonza vumbi. Calvince akaapa ilikuwa ya Mzungu wa Milimani aliyeitumia Jumapili peke yake. Akaiangalia meko. Nami nikaiangalia meko. Tukaelewana.

Nimemwambia Lornah gesi imeisha Kisumu nzima, meko nimeiacha dukani kwenye foleni.

Jumatatu, 3 Machi

Magurudumu ni mawili. La tatu lilikuwa limebandikwa kwa gundi.

Nimefungua pipa. Ndani: manyoya ya kuku, magamba ya samaki, omena wakavu wa kutosha mboga ya watu wawili, soksi moja, na jino. Jino la nani? Nikampigia Calvince. Sasa anakumbuka kwamba Mzungu alimwachia mama mmoja muuza omena wa Port Victoria, naye mama akamwachia mfuga kuku. Kuhusu jino hana habari.

Nikaanza kazi. Pipa nikalisugua kwa majivu na ndimu. Ndani ya mpira nikapitisha kamba yenye kitambaa, nikavuta huku na huku mpaka kikatoka kitu nisichotaka kukiandika hapa. Mota nayo ilikuwa imeganda mafuta ya samaki. Nikaiosha kwa maji na sabuni ya unga. (Wanjohi asijue.) Nikaianika juani saa nne nzima. Nikachomeka.

Paa! Stima ikazimika ploti nzima, vyumba vinane. Wanjohi akatoka akiuliza ni nani amezima. Nami nikatoka nikauliza ni nani amezima.

Jumanne, 4 Machi

Lornah amejua.

Alienda mwenyewe dukani. Mitungi ya gesi imepangwa hadi darini. Akarudi kupitia Kibuye, akakuta watu wanaizungumzia meko yenye jina LORNAH kwa rangi ya kucha, iliyouzwa asubuhi hiyohiyo kwenye kibanda cha Calvince. Imenunuliwa na nani? Calvince hasemi. Leo mandazi yamekaangwa kwa makaa. Yananuka moshi. Nusu yamebaki kwenye beseni.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema, "Baba Akello, meko yangu irudi Jumamosi jioni. Isiporudi, mimi na karai langu la mandazi tunaenda Awasi kwa mama." Akaongeza kwamba mimi nibaki na mashine, inifyonzee upweke.

Miaka kumi na minne ya ndoa. Imeniuma. Lakini mwanamume hujibu kwa vitendo. Jumamosi asubuhi nitalifyonza zulia, jioni nitampelekea meko mbili. Tatu!

Jumatano, 5 Machi

Mwenye ploti amerudisha stima. Ameuliza tena ni nani aliyezima. Tena nimeuliza pamoja naye.

Fundi wa redio ameitazama mota, akasema imekufa, tuizike. Mafundi wa siku hizi wavivu sana! Nikaifungua mwenyewe. Vile vijiti vyeusi vya kaboni vinavyosugua mota vilikuwa vimelika hadi mzizi. Nikapasua betri mbili za tochi, nikatoa kaboni yake, nikaichonga kwa kisu cha Lornah na kuisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ikaingia sawasawa. Mfuko wa vumbi ulikuwa umeoza. Nikashona mwingine kwa gaguro la Lornah la zamani. Si la zamani sana. Mpira uliotoboka nikaufunga kwa tyubu ya baiskeli.

Nikasali. Nikachomeka.

Iliunguruma! Ikafyonza vumbi, ikafyonza majani ya chai, ikafyonza manyoya, omena na lile jino nilivyoviacha kona Jumatatu, ikafyonza kalenda ukutani, ikashika pazia la mlango wa Wanjohi lililopeperuka, akalivuta yeye upande wake nami upande wangu. Alikasirika. Akasema ile ni posho mill ya kusagia mahindi, si chombo cha kanisani. Wivu! Nilirudi ndani nikaketi sakafuni kando ya mashine, na sisemi uongo, machozi yalinitoka. Kitu kilichotupwa na watu watatu kimefufuka mikononi mwangu. Ningependa Lornah angekuwepo aone. Alikuwa akitafuta kuni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya urembo na matangazo.

Nimeipaka mashine rangi ya kijani iliyobaki kwenye kioski cha kona. Pipa lina matundu mawili, la mbele la kuvuta na la nyuma la kutolea hewa, yamefanana kama mapacha. Kando yake palikuwa na vimishale vilivyochakaa. Vinaharibu sura. Nimevipaka rangi navyo.

Kisha nikaenda Kondele kwa Wakhisi, mchapishaji wa mabango. Nilitaka bango lenye picha yangu ya suti, na maneno ya Kijaluo ili akina mama wote waelewe. Nimewaza usiku kucha. Fagia ni *ywe*. Kwa amani ni *gi kuwe*. YWE GI KUWE! Fagia kwa amani! Utamu ulioje!

Wakhisi ni mtu wa Busia, Kijaluo hajui, lakini akasema maneno hayo anayachapisha kila wiki. Nikashtuka. Kumbe nina washindani wengi hivyo? Akauliza nilizaliwa mwaka gani. Nikamwambia 1981. Akauliza mwaka wa pili. Nikajua anataka mwaka wa kufungua biashara, nikasema huu huu. Akanitazama kwa upole sana, akaongeza maua pembeni na mshumaa bila kuombwa. Huduma nzuri! Nimemwahidi kumsafishia duka kama malipo. Akasema nisijisumbue, nipumzike.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Alfajiri nilitundika bango kwenye lango la ploti, nikaenda kanisani kupanga stoo. Simu haikuwa na chaji. Huko stoo mfuko wa chokaa ukanipasukia kichwani. Nikapangusa macho, nikaendelea. Saa tisa nikarudi nyumbani.

Nje ya mlango wetu, hema. Viti. Akina mama wamekaa chini wamenyoosha miguu. Nikafikiri, wateja tayari!

Kisha nikasikia "Uwi! Uuwi!" Mama mkwe, aliyetoka Awasi kwa pikipiki, alikuwa akikimbia kutoka langoni hadi mlangoni na kurudi, akinililia kwa jina. Karibu na mlango Lornah amekaa, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa akisema, na sauti yake sijawahi kuisikia hivyo, kwamba alininenea maneno makali kwa sababu ya meko, na meko ni nini? Meko si kitu. Baba Akello arudi tu, hata bila meko, hata na hilo pipa lake.

Nikasimama pale, mweupe kwa chokaa toka kichwani hadi viatuni, nikasema nimerudi.

Wanne walizirai. Viti vikaruka. Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alinirukia akanikumbatia kifuani! Mama mkwe wangu! Kwetu mama mkwe na mkwe huamkiana kwa mbali, hata macho hayakutani. Tukagundua tunachofanya, tukaachana kama walioshika jiko. Sasa amekaa nyumba ya jirani amejifunika leso, na nguo yake nyeusi ina alama za mikono yangu miwili ya chokaa mgongoni.

Ikabidi nielezwe, mimi mwenye lugha yangu. Kumbe *ywe* ya kufagia na *ywe* ya kupumzika zinaandikwa vilevile, ni sauti tu inayozitenganisha. Nimetundika langoni picha yangu yenye maua, mshumaa, "1981 – 2025", na maneno PUMZIKA KWA AMANI. Mimi naona lawama ni ya karatasi. Karatasi haina sauti.

Jambo moja zaidi. Nilikuta Wanjohi amesimama mbele ya watu akitoa hotuba juu yangu. Viti ni yeye aliyeleta. Alisema nilikuwa mtu wa bidii asiyekata tamaa, na macho yake yalikuwa mekundu. Baadaye nikamwomba arudie. Akakataa kabisa.

Wageni walipoondoka, Lornah alinishika uso kwa mikono miwili akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kesho jioni ni kesho jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili nilikuwa madhabahuni. Mchungaji Joram amekuja, akina mama wa kanisa wamekuja, Wanjohi naye amekuja na ndoo yake, "kutazama tu". Nikatoa hotuba fupi juu ya teknolojia. Nikachomeka mpira kwenye tundu. Nikawasha.

Mashine haikuvuta. Ilipuliza.

Omena, manyoya, vumbi la Jumatano, majani ya chai, yote yakatoka kwa mpira kama mtu aliyekuwa na hasira miaka mingi. Yakaruka hadi kwenye kiti cheupe cha askofu. Yakakaa juu ya kinanda. Jino likampata Mchungaji Joram kwenye miwani. Nikajaribu kuzima, nikaikanyaga swichi, ikakwama, mpaka nikachomoa waya. Zulia lililokuwa na vumbi sasa lilikuwa na vumbi na samaki.

Mchungaji akavua miwani, akaipangusa, akaniuliza kwa utaratibu kama bango lile haliwezi kutumika tena.

Nikafikiria Awasi. Nikafikiria karai likiondoka. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote, na niliogopa kweli.

Ni Wanjohi aliyeinama akachukua ndoo. Hakucheka. Akaliosha zulia lote mwenyewe, akasugua, akasuuza, akalitandaza uani juu ya mawe. Kisha akauliza kama pipa langu linaweza kuendelea kupuliza. Likapuliza! Hewa ilitoka ya moto kwa sababu ya zile kaboni zangu za betri. Tukapokezana mpira, saa sita, saa nane, saa kumi. Saa kumi na moja zulia lilikuwa kavu kama chapati ya jana. Siku tano zimekuwa saa chache! Nikawaeleza akina mama kwamba huo ndio uliokuwa mpango wangu tangu mwanzo.

Wanjohi akanivuta kando. Akasema kwa miaka tisa kilichomshinda si kuosha bali kukausha, hasa mvua ikinyesha, na pipa hili analitaka. Nikamwambia haliuzwi ila kwa meko. Tukarudi ploti, akaingia kwake akatoka na meko. Yenye jina LORNAH kwa rangi ya kucha! Mwizi! Kumbe aliiona Jumanne kwa Calvince, akaikomboa isije ikaenda mbali. Alikuwa amengoja hasira za Lornah zipoe amrudishie, na jana alikuwa tayari kumkabidhi kama mjane.

Nikamwambia bei ni nzuri.

Lornah ameipokea meko mlangoni saa kumi na mbili kasoro. Karai limerudi msumarini. Amenipikia chai.

Jumapili, 9 Machi

Askofu amekuja. Zulia limeng'aa. Alipopiga magoti alinusa, akanusa tena, kisha akahubiri juu ya mikate mitano na samaki wawili, ingawa ratiba ilisema jambo lingine. Mchungaji alimshukuru Wanjohi kwa jina. Mimi akaniombea.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimejifunza kwamba mke wangu ananipenda, kwamba Wanjohi ni mtu wa heshima (sitamwambia), na kwamba kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua mashine mbaya.

Baada ya ibada Lornah amenituma kujaza gesi. Alinishika mkono mlangoni, akasema moja kwa moja dukani, moja kwa moja nyumbani. Nikasema ndiyo, Mama Akello.

Nimepitia Kibuye. Kupitia tu! Calvince ana sanduku la kuangulia vifaranga, mayai mia moja kwa mkupuo. Halina kifuniko wala waya, lakini kioo ni kizima, na lilikuwa la daktari mmoja wa Kombewa aliyelitumia mara mbili. Vifaranga mia! Kila wiki tatu! Hata mvua ikinyesha!

Calvince ameiangalia meko. Nami nimeiangalia meko. Najua watu watasema nini. Lakini Lornah mwenyewe alisema meko si kitu. Alisema kwa sauti, mbele ya hema zima, na mashahidi wengine wametoka Awasi.