Dola za Tanuri la Mama Watoto

Jumatatu, 3 Juni
Redio imetangaza: riba ya hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha fedha, imepanda. Riba isiyo na hatari, ndivyo wanavyoiita. Shemeji, kaka yake mama watoto, fundi bomba, akaanza kunifundisha uchumi mezani. Eti serikali ikilipa vizuri hivyo, kila mwenye fedha anakimbilia huko, hata wageni wanaleta dola zao wapate sarafu yetu. Kwa hiyo dola itashuka. Viwanja navyo vitashuka, maana nani ahangaike kujenga na kusaka wapangaji wakati analipwa akiwa amelala? Nilimwelewa kabla hajamaliza, kwa hiyo mwisho sikuusikiliza. Dola ikishuka ni rahisi. Kitu rahisi kinanunuliwa! Fundi bomba hawezi kuliona hilo. Mpiga picha za pasipoti kama mimi ana jicho.

Mama watoto kauza kiwanja chake wiki iliyopita, kabla bei haijaanguka. Bahati tu. Fedha hizo, za kununulia tanuri la mikate ya biashara yake, kanikabidhi mimi nimlipe muuzaji Ijumaa. Anajua nani kichwa cha nyumba.

Jumanne, 4 Juni
Duka la kubadilishia fedha. Ubao ukutani: KUNUNUA, bei ya chini. KUUZA, bei ya juu. Yaani nanunua dola kwa bei ya chini, nageuka, nazirudisha dirisha lilelile kwa bei ya juu! Na foleni nzima haijaona! Nikatoa fedha zote za tanuri.

Binti wa dirishani akanipigia hesabu kwa bei ya juu. Nikamsahihisha kwa upole. Akasema, mzee, kwenye ubao huo anayenunua ni sisi na anayeuza ni sisi. Foleni ikaangua kicheko. Ningeghairi palepale, lakini mbele za watu? Nikatoka na dola zangu, kifua mbele.

Jumatano, 5 Juni
Dola imeshuka. Safi sana. Inavuta pumzi. Shemeji kasema itashuka tena. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Imeshuka tena. Nimezihesabu dola zangu mara mbili. Idadi ni ileile, hakuna hasara.

Ijumaa, 7 Juni
Muuzaji wa tanuri hataki dola. Nikarudi dirishani. Safari hii wananunua wao, na bei imezidi kuanguka. Binti akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia anaongea na mtu wa soko. Zilizobaki zinatosha tanuri lisilo na mlango.

Mama watoto hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la unga akalia. Shule imeshaagiza mikate ya Jumatatu, na kile kiwanja aliachiwa na marehemu baba yake. Iliniuma. Kweli iliniuma. Nikamweleza kwamba hesabu zangu zilikuwa sahihi, ila dola ndiyo haikuzifuata. Akazidi kulia.

Jumapili, 9 Juni
Mama watoto na shemeji wameuza kamera yangu kufidia pengo. Imepata bei nzuri mno. Najua kuchagua mali. Tanuri limeingia, na mlango wake. Mimi ndiye mkandaji mkuu wa unga. Mama watoto ameanza kunisemesha, japo ni kuniambia nikande kwa nguvu.

Jioni nikamshauri shemeji anikabidhi hatifungani alizonunua nimsimamizie, maana kitu kisicho na hatari hakiharibiki. Akajibu kwamba hazina hatari mpaka siku nitakayozishika mimi.

Hatimaye fundi bomba amekiri! Soko zima linaniogopa.