Kiti Kizuri Kifichwe Mkaguzi Akija

Jumatatu, 3 Juni
Meli imetangaza kwa redio ya ofisini: mkaguzi wa wizara ya utalii anakuja Alhamisi. Akiridhika, kisiwa kinajengewa gati na ofisi yangu ya utalii inabaki. Asiporidhika, ofisi inafungwa, nami narudi ghalani kwa Shangazi kupima mchele wa msaada. Na shahada yangu yote! Sirudi. Afadhali nimezwe na papa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepaka rangi nyumba ya wageni. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Nje nimetundika kibao: KARIBU PEPONI. Shangazi akapita, akauliza, mwanangu, nani kafa? Nikamweleza mpango. Akacheka hadi akashika ukuta. Rangi mbichi! Kiganja chake kipo pale mpaka sasa, vidole vyote vitano.

Jumatano, 5 Juni
Nimepita nyumba kwa nyumba. Mkaguzi anakuja kesho, nikawaambia, tusiaibishane. Wote wamejibu: usihofu binti, tunajua la kufanya. Watu wema kweli. Najuta kuwadharau kimoyomoyo tangu nirudi kutoka chuoni.

Alhamisi, 6 Juni
Kumbe! Wakaguzi wote waliowahi kufika hapa walikuwa wa msaada. Wakija, watu huficha viti, huvaa matambara na kukohoa. Leo wamejitolea kuliko miaka yote. Kwa ajili yangu! Mjomba, mzima kama nanga, kaazima mkongojo. Shangazi, ambaye kwake mkaguzi ni mkaguzi tu, kasimamia uezuaji wa mabati ya nyumba ya wageni, tusije tukaonekana tumeshiba.

Mkaguzi akashuka mashuani kasawijika kwa kichefuchefu. Nikamwingiza chumbani. Akauliza mbona kutoka kitandani anaona mawingu. Nikasema ni chumba cha kutazamia nyota. Akaonekana kuvutiwa! Shangazi, pembeni, akamnong'oneza kwamba baba yangu, yaani kaka yake, hajaonja sukari tangu mwaka juzi. Baba akakohoa.

Hapo mvua ikashuka. Na viti vyote vizuri vya kisiwa vilikuwa vimefichwa vichakani! Mjomba akatupa mkongojo, akatimka. Baba akamfuata. Mkaguzi akasimama mlangoni akitazama vilema na wagonjwa wakimpita mbio, makochi kichwani.

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi ametamka, kwa upole unaouma: gati hakuna, mgeni hawezi kulala mvuani. Na atawaarifu wenzake wa msaada kwamba afya za watu hapa ni za kupigiwa mfano. Shangazi hanisemeshi. Anamsemesha paka, mimi nikiwapo: muulize msomi wako kama shahada inapikika.

Jumamosi, 8 Juni
Bahari imechafuka. Meli imeondoka bila mkaguzi, haitarudi hadi mwezi ujao! Kaomba mabati yarudishwe. Yamerudishwa. Kaomba kiti. Vimekuja kumi na viwili, kila mwenyewe akisifu chake.

Nimekaa nikatafakari. Mwaka jana hatukupata mtalii hata mmoja. Sasa yupo, na kukaa kwake kumerefuka. Hayo si maendeleo ni nini? Nimeiomba wizara kwa redio ilete mkaguzi mwingine, mkubwa zaidi, ajionee. Wamekubali! Nadhani wanamtafuta yule wa kwanza.

Jioni nimepita nyumba kwa nyumba kuwatangazia. Mkaguzi anakuja, tusiaibishane.

Wote wamejibu: usihofu binti, tunajua la kufanya.

Watu wema kweli.