Kiande cha Soya

Jumatatu, 9 Juni

Jumamosi naoa! Mzee Naftaly, mwenye ploti kule Kawangware, amekubali nimwoe binti yake Wanja, ila lazima kwanza nikate kiande mbele ya wazee. Kiande ni mguu wa mbele wa mbuzi, umechomwa. Bwana harusi akikata pale kwenye kiungo, ndoa imesimama. Asipokata, arudi kwao. Eti karne hii ndoa bado inategemea bega la mbuzi. Mimi Khamala, mtaalamu wa chakula cha kesho (nimesomea kwenye video), siui mnyama. Kiande nitakitengeneza hapahapa mtaani kwangu Lindi, kwa soya.

Jumatano, 11 Juni

Soko la Toi. Unga wa soya, bitruti ya rangi ya damu. Mama muuzaji akauliza napika nini. Nikamjibu napika mustakabali. Akauliza kama huo huliwa na ugali. Watu wa kuhurumiwa. Mashine yangu ya kusaga imetoa nyuzi safi, misuli mitupu. Jirani yangu Phanice alionja, akasema ametafuna godoro. Phanice anauza dagaa wa omena, atajua nini.

Ijumaa, 13 Juni

Stima imepotea mara mbili, kiande kimeiva upande. Si neno, alama za moto nimechora kwa kisu. Wanja amepiga simu kuuliza kama mbuzi nimempata. Nikasema nyama iko tayari, jambo ambalo si uongo. Akasema nikiaibika kesho hatanitetea tena kwa baba yake, amechoka. Nampenda huyu msichana mpaka nikaogopa kidogo. Kisha nikatazama kiande, woga ukaisha.

Jumamosi, 14 Juni

Balaa. Thuo, aliyemwoa dada yake Wanja kwa mbuzi wengi na hajaacha kuwataja, akauliza mbuzi wangu yuko wapi. Nikasema amechinjiwa Lindi. Nikapewa kisu. Mashangazi wameinua simu wapige picha. Nikakata, kisu kikapita. Nikakata kando, kikapita. Kiungo hakuna. Mfupa hakuna! Wiki nzima nimewaza misuli, nikasahau kwamba mbuzi husimama. Thuo akaniuliza kwa sauti ya kanisani, "Boss, hii ni nyama ama ni mkate?" Mashangazi wakacheka hadi wakakaa chini. Wanja hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, na hilo limeniuma kuliko vicheko vyote. Mzee Naftaly alionja, akatafuna sana, akatema kwenye leso. Akatangaza kwamba leo hakuna aliyeoa hapa.

Jumapili, 15 Juni

Wanja amepiga simu! Amemlilia baba yake mpaka mzee akalegea. Nafasi moja ya mwisho, Jumamosi ijayo. Mbuzi aingie getini kwa miguu yake, wazee wamsikie akilia. La sivyo nisahau njia ya Kawangware. Akanisihi, "Khamala, tafadhali, mbuzi tu. Mbuzi wa kawaida." Nimetokwa na machozi, nakiri. Mwanamke gani huyu!

Sasa angalau wazee wamesema wazi wanachotaka: mifupa, kutembea, na kulia. Kulia nimesharekodi kwa simu. Miguu itavutwa na mota nne za waipa za gari. Mifupa nitachonga kwa paipu za maji. Imebaki ngozi tu.