Kijiko cha Arobaini na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Saa tisa alasiri nina usaili wa cheo cha Msimamizi wa Wahudumu katika hospitali hii ya wagonjwa wa akili, niliyoitumikia miaka kumi na mmoja na kung'atwa na wagonjwa mara mbili tu. Mshindani wangu ni mmoja: Shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye yuko wodi ya pili, mimi ya tatu. Amenunua viatu vipya kwa ajili ya usaili. Nimeviona. Sikuvisifia.

Kikwazo kidogo baada ya chakula cha mchana. Hapa vijiko huhesabiwa. Jikoni huleta arobaini na viwili kwa wagonjwa arobaini, viwili vya akiba. Mpishi Mkuu anasaini kwamba ametoa, mimi nasaini kwamba nimepokea. (Kuvihesabu wakati wa kupokea ni kupoteza muda. Mpishi Mkuu ni rafiki yangu.) Wakishakula, navitupa kimoja kimoja kwenye ndoo ya bati nikihesabu. Kikipungua, milango inafungwa, kengele inapigwa, na hatoki mtu, awe mgonjwa au mhudumu, mpaka kionekane. Mwaka juzi tulikaa hadi jua linazama. Kilikuwa ndani ya soksi.

Leo: arobaini na kimoja. Nikarudia. Arobaini na kimoja! Na usaili unaningoja! Nikachomoa kijiko kwenye kibakuli changu cha chakula kutoka nyumbani, nikakitupa ndooni. Arobaini na viwili. Nikasaini. Cheo kinataka mtu wa maamuzi ya haraka.

Bibi Kimya, mgonjwa anayekaa kando ya ndoo na ambaye hajatamka neno kwa miaka tisa, aligeuza kichwa kijiko hicho kilipoanguka. Akakunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali. Sijui leo kaamkaje.

Usaili ulikwenda vizuri. Matokeo Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni

Mzee wa Stoo amekufa.

Ni mimi niliyemkuta, saa mbili asubuhi, nilipotumwa sabuni na Sista Mkuu. Alikuwa ameketi mezani kwake, miwani usoni, kalamu mkononi, daftari wazi. Kikombe cha chai kimefika nusu. Mstari wa mwisho aliouandika: mafuta ya kupikia, madebe. Idadi hakuiandika. Nimeona maiti nyingi, lakini sijawahi kuona mtu aliyesimamishwa katikati ya sentensi.

Daktari anasema chai ilikuwa na dawa ya usingizi ya kumlaza ng'ombe. Kabati la dawa lilifunguliwa jana jioni bila kuvunjwa. Ndani ya kitasa kimebaki kipande cha chuma: mpini wa kijiko wenye mhuri wa hospitali, umechongwa kwa tupa ukawa ufunguo. Kijiko! Mtu amefungua mlango wa kifo kwa kijiko!

Mpelelezi amefika. Mwanamke mfupi, viatu bapa, anaongea kama anasoma ratiba ya mabasi. Swali lake la kwanza: nani anahesabu vijiko? Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Sista Mkuu akamfungulia daftari langu kwa fahari: miezi kumi na minne hakijapotea hata kimoja. Mpelelezi akasema basi hiki ni cha zamani, kilifichwa mapema. Akauliza nani hapa anaweza kuchonga kitu kidogo namna hii.

Kila mtu akamtazama Fundi Saa.

Fundi Saa ni mgonjwa wa wodi yangu, aliyekuwa akitengeneza saa mjini kabla hajaugua. Mwaka jana aliishusha saa mbovu ya ukumbi wa chakula, akaifufua kwa pini na kifuniko cha kopo. Tangu hapo haijapoteza dakika. Mikono yake nikiitazama ikifanya kazi nasahau kupumua. Alipoonyeshwa ule ufunguo aliugeuza mara mbili, akasema, “Huu si wangu. Meno yake yamekwaruzwa ovyo. Ningeona aibu.”

Haikumsaidia. Ijumaa saa nane atahamishiwa Wodi ya Nondo, ng'ambo ya uwanja, ambako wanaoingia hawatoki. Na mwisho wa mwezi alikuwa aruhusiwe aende kwa binti yake.

Ningeweza kusema. Ni sentensi moja: kijiko kilipungua jana, nikadanganya. Lakini cheo kinatangazwa Ijumaa hiyo hiyo! Nimepata njia bora. Nitamkamata muuaji mwenyewe. Fundi Saa atabaki, cheo kitakuwa changu, na kijiko hakuna atakayekikumbuka. Yote matatu kwa mkupuo!

Nyumbani mke wangu kauliza kijiko chenye ua kwenye mpini kiko wapi. Ni vya mama yake, vilikuwa sita. Nikasema vijiko ndivyo vilivyo.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza: kuvaa sare za wagonjwa, kuketi kati yao, kusikiliza. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mpishi Mkuu. Alicheka hadi aproni ikatikisika, akaniita Inspekta, akanipakulia pande la nyama kubwa kama ngumi. Akaninong'oneza nimchunguze Shemeji. Kwamba mwenye uchu wa cheo hashindwi na lolote. Mtu mwenye busara sana yule!

Nikaketi. Robo saa haikupita akaingia daktari mpya, siku yake ya kwanza kazini. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mimi si mgonjwa, ni mhudumu niliyejificha nikipeleleza mauaji. Akaitikia kwa huruma kubwa. Akaandika. Akauliza upelelezi nimeuanza lini. Nikasema jana. Akauliza kama kuna watu wanaonipinga. Nikasema shemeji yangu.

Sindano.

Kabla sijazama niliona jambo. Bibi Kimya alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa ukucha. Taratibu, sawasawa, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Nikahesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Arobaini na moja kwa ukucha. Halafu moja kwa kifundo cha kidole, nzito. Akanitazama. Akaanza upya. Arobaini na moja. Moja nzito. Vinyweleo vilinisimama mwili mzima. Nikajiambia ni dawa.

Nilipoamka Shemeji alikuwa ameniinamia, akiniuliza, kwa upole mbaya kabisa, kama najua leo ni siku gani.

Nilisema Alhamisi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ndiyo Alhamisi. Nilitangulia tu.

Mpango wa pili: nimepekua kabati la Shemeji. Nimekuta kiwi cha viatu, kitana, na karatasi ya hotuba ya kushukuru kwa kupewa cheo! Imeandikwa tayari! Mtu asiye na hatia hawezi kuwa na uhakika kiasi hicho. Nimeichukua kama ushahidi. Nimempelekea habari Mpishi Mkuu, akanipa mkono na ukoko wa wali.

Mke wangu amempigia kaka yake kumuuliza kama mama yao alitoa vijiko vitano au sita. Hali si nzuri.

Mchana Fundi Saa alitumia muda wake kuwafundisha wenzake kuijaza saa ya ukumbi, kwa kuwa kesho hatakuwepo. Wanaume kumi na tano walimzunguka, wengine wasiokaa kimya hata usingizini, na hakuna aliyesogeza mguu. Nami akanifundisha. Zungusha mara kumi na moja, alisema, ya kumi na mbili usiilazimishe, utamuumiza. Huizungumzia saa kama anamzungumzia mtu. Kisha akaniomba nimwandikie binti yake kwamba asije tena mwisho wa mwezi, na asifue mapazia ya chumba alichomtengea.

Nilishika kalamu muda mrefu. Barua haikuandikika.

Nimeamua! Kesho baada ya chakula nitaitisha mkutano. Sitasema la kijiko, hilo ni la kuharibu mambo. Nitamtaja muuaji mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike polepole.

Mpelelezi alifika na karatasi za kumhamisha Fundi Saa. Nikamwomba nafasi ya kusema. Akatazama saa ya ukumbini, akasema nina dakika kumi. Nikasimama juu ya benchi. Nikamnyooshea Shemeji kidole, nikaisoma hotuba yake kwa sauti, neno kwa neno, hadi pale anapomshukuru Mungu na viatu vyake. Shemeji akapasuka. “We mume wa dada yangu, una wazimu!” Wagonjwa arobaini wakamgeukia kwa masikitiko. Neno hilo halisemwi hapa.

Hapo ndipo Bibi Kimya aliposimama.

Akaiendea ndoo ya bati. Akavimwaga vijiko mezani, akaanza kuvirudisha kimoja kimoja, macho yamefumbwa, sikio limeinama. Kila kimoja kililia, naye akakiacha kiende. Ilisikika saa ya Fundi tu. Kwenye cha kumi na saba mkono wake ulisimama. Akakiokota tena. Akakiinua juu.

“Hiki si cha hapa,” alisema.

Sauti ilitoka kama mlango usiofunguliwa miaka tisa. Sista Mkuu alishika ukuta. Mimi nilishuka kwenye benchi bila kujua nimeshukaje.

Akaendelea. Kwamba kilitiwa ndooni Jumatatu baada ya kula. Na huyu. Kidole chake kilinielekea, hakikutikisika. Kwamba vya jikoni siku hiyo vilikuja arobaini na kimoja, alivisikia vikimiminwa kwenye sinia, kabla mgonjwa yeyote hajagusa kimoja.

Shemeji akakinyakua, akaliona ua kwenye mpini. “Hiki cha mama! Dada kanisumbua wiki nzima!”

Mpelelezi akaniuliza, kwa sauti ile ile ya ratiba ya mabasi, kama ni kweli. Nikatazama mlango. Nikamtazama Fundi Saa na kifurushi chake mapajani. Nikasema kweli. Basi, akasema, kijiko hakikupotea wodini, hakikufika kabisa. Na aliyesaini kwamba ametoa arobaini na viwili ni nani?

Tukageuka sote kwenye kidirisha cha jikoni. Mpishi Mkuu alikuwa anafungua kamba za aproni. Akaivua, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Akanitazama, akasema, “Pole, Inspekta.” Hakukimbia.

Tupa ilikutwa ndani ya pipa la unga, pamoja na kichwa cha kijiko kisicho na mpini. Mafuta ya kupikia alikuwa akiyatoa nje kwa mapipa ya makombo, debe moja kila siku. Mzee wa Stoo alianza kuhesabu. Alikufa kwenye mstari huo huo. Niliusoma Jumanne kwa macho yangu haya, nikafikiria sabuni.

Mpelelezi alimuuliza Bibi Kimya kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwamba alimngoja huyu aseme mwenyewe. Kisha akaona saa inakwisha.

Akarudi kitini kwake. Mpelelezi, ambaye sijamwona akishangaa kwa lolote, alisimama wima mpaka bibi alipoketi. Halafu akazichana zile karatasi za uhamisho. Fundi Saa akafungua kifurushi chake, akaomba kuuona ule ufunguo mara nyingine. Akatikisa kichwa. Ovyo kabisa, alisema.

Jumatatu, 10 Juni

Cheo kimekwenda kwa Shemeji. Alisoma hotuba. Nililazimika kumrudishia karatasi.

Mke wangu haongei nami ila kupitia kaka yake, ambaye sasa ni bosi wangu, hivyo maagizo ya nyumbani na ya kazini yanafika pamoja. Fundi Saa ataondoka mwisho wa mwezi kama ilivyopangwa; binti yake anafua mapazia. Bibi Kimya hajasema neno jingine. Nilipompita asubuhi niliinamisha kichwa bila kukusudia, kama mtu anayepita mbele ya jambo kubwa. Jambo hilo sitalisahau maisha yangu yote.

Mimi nimehamishiwa chumba cha kufulia. Kazi nyepesi. Mashuka themanini yanatoka, themanini yanarudi. Likipungua moja, mashine zinasimamishwa, vikapu vyote vinapekuliwa, na hatoki mtu mpaka lionekane.

Leo: sabini na tisa. Nikarudia. Sabini na tisa! Na Shemeji anakuja kukagua kesho saa nne! Nikasaini themanini.

Bahati nzuri nyumbani lipo moja jeupe, karibu sawa kabisa, lina nakshi ndogo tu pembeni. Tulipewa na mama mkwe. Nitalibeba kesho asubuhi chini ya koti.

Nani husikiliza mashuka?