Shtaka la Shingo Dhidi ya Mto wa Kulalia

Kwa Ndugu Mwenye Duka la Magodoro,

Salaam nyingi na heshima zako. Mimi ni yule fundi rangi niliyekupakia rangi dari ya duka. Nina saratani ya tezi dume, natibiwa, na sikuandikii kwa sababu hiyo. Nakuandikia kuhusu mto ulioniuzia, ambao umeniumiza shingo na kichwa, tena kwa makusudi.

1. Shingo haigeuki. Mtu akinisalimia kwa nyuma, inabidi nizunguke mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Majirani wanasema siku hizi naringa.

2. Daktari alinionya kwamba maumivu yoyote mapya ya mifupa nimwambie mara moja. Namheshimu. Lakini ugonjwa wangu uko chini na shingo iko juu. Katikati kuna tumbo, kifua na mabega, na hakuna hata kimoja kilichouona ukipita. Sasa nani hukesha na shingo usiku kucha? Mto wako.

3. Mke wangu anataka nikapigwe picha ya shingo. Nilimweleza habari za mto, akaendelea kukunja nguo, kwa nguvu. Mwanamke huyu akikunja nguo namna hiyo, nyumba nzima hukosa raha. Binti yetu naye yuko njiani, eti anakuja kutusalimia tu. Ona mto mmoja unavyovuruga familia ya watu.

4. Kwa hiyo naomba uniandikie barua yenye mhuri wa duka, ukiri kwamba mto una hatia. Nitaionyesha nyumbani na hospitali, mambo yaishe. Ukikataa, nitadai mito yako yote ichunguzwe, kisha na magodoro, maana yamelala nayo chumba kimoja.

Sina ugomvi na wewe binafsi. Nisalimie shemeji, vijana wa stoo, na yule mlinzi wako anayesinzia mlangoni. Inaonekana yeye aliuziwa mto mzuri.

Ni mimi, ninayekuandikia bila kuinamisha kichwa,
Fundi Rangi

Nyongeza: Ndugu yangu, mto bado umo kwenye nailoni yake. Sijaulalia hata siku moja. Niliununua kwa kuwa shingo ilikuwa tayari inauma. Naogopa hiyo picha, basi. Binti ameshafika, na asubuhi wananipeleka wote wawili. Barua yangu usihangaike kuijibu. Ila kama ile ya kukiri ulishaiandika, nitumie tu, nikae nayo mfukoni wakati nasubiri majibu.