Sura ya Mzee Nkunzimana Ukutani

Jumatatu, 9 Juni
Kazi nimepata mimi! Saady, mchora mabango mwenzangu, kaachwa kwenye mataa. Bi Asmahani anataka picha ya harusi kwenye ukuta wa ukumbi wake hapa Kasulu. Nimeipata kwenye simu: harusi ya wakulima wa Urusi, karne ya kumi na tisa. Maharusi wamesimama, wageni wamejaa, na mlangoni anaingia mzee mwenye theluji mabegani. Wote wanamkodolea macho. Heshima iliyoje! Nitamchora kwa sura ya Mzee Nkunzimana, anayemwoza binti yake Immakulata ukumbini humo Jumamosi. Akifurahi, ukuta wa duka lake ni wangu. Maelezo ya picha ni marefu. Sikuyasoma.

Jumatano, 11 Juni
Nimemaliza. Theluji nimeigeuza unga wa muhogo. Bi Asmahani kauliza mbona bibi harusi anaogopa. Nikamwambia maharusi wote huogopa.

Alhamisi, 12 Juni
Mungu wangu! Saady kayasoma maelezo. Kaja kibandani kwangu, meno yote nje: yule si mgeni wa heshima, ni mchawi wa kijiji! Hakualikwa, ndiyo maana wanatetemeka. Nimemsihi anyamaze. Kasema atafikiria.

Ijumaa, 13 Juni
Hakufikiria. Soko zima linajua. Mzee Nkunzimana alipita akisalimia, hakuitikiwa. Mama mmoja alimvuta mwanawe. Huku kwetu mtu akishaitwa mlozi, jirani anaweza kumjia na kiberiti. Nilijificha nyuma ya magunia ya maharage. Kwanza niliogopa kwa ajili yangu. Kisha kwa ajili yake.

Mpango! Nimfute, nimweke Saady. Niko juu ya ngazi, Immakulata akaingia. Kasema baba yake kajifungia ndani, na wageni wa kijiji cha Kumsenga wamepiga simu kwamba hawaji. Nikamwonyesha pua ya Saady niliyoanza. Akasema polepole: “Saady naye ana watoto. Weka ya kwako, kaka Niyonzima. Nasubiri hapa.”

Akakaa. Nikachora. Pua imetoka vizuri.

Jumamosi, 14 Juni
Harusi. Immakulata aliniamuru nikae mlangoni, chini ya sura yangu. Mshereheshaji akatangaza kwamba mchawi wa ukutani ni mchoraji mwenyewe. Nilijua nakufa. Kisha Mzee Nkunzimana akacheka, wa kwanza, akanipa mkono. Watu wakainuka mmoja mmoja, wakamsalimia yeye. Wa Kumsenga hawakuja.

Jumatatu, 16 Juni
Bombani watu wamerudi nyuma kwa woga, wamenipisha nichote maji wa kwanza. Sikuomba. Sikukataa pia.

Parokia moja ya Kibondo inataka picha ukutani. Nimepata nyingine ya Kirusi: maandamano ya kanisa, vumbi, umati, na bwana mmoja juu ya farasi kainua kiboko. Nadhani anaongoza kwaya. Sura ya paroko itamfaa sana. Maelezo ni marefu. Nitayasoma nikimaliza.